Nilisema Ni Vidonda vya Tumbo

Kama umetoka kupimwa leo na umeambiwa una mimba lakini haijaonekana ilipo, haya nimekuandikia wewe. Mimi si daktari. Nina duka la steshenari Manundu, hapa Korogwe. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti. Sitakueleza homoni zinavyofanya kazi, maana hata walionieleza sikuwaelewa vizuri. Nitakueleza nilivyokaa kwenye benchi, nilivyodanganya, na mahali uongo wangu uliponifikisha.

Naitwa Salma. Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na moja, ndoa yangu na Rajabu iko mwaka wa sita, na hatukuwa na mtoto. Rajabu ni Mzigua wa Handeni, anafanya kazi ya zamu kwenye mitambo ya umeme kule Hale. Mimi kwetu ni Kerenge. Ukikaa miaka sita kwenye ndoa bila mtoto, kila mtu anakuwa na dawa yake ya kukupa na swali lake la kukuuliza. Nilikuwa nimefika mahali nikisikia mteja anaanza na "samahani mwenzangu", nageukia mashine ya kopi na kujifanya karatasi imekwama.

Masika yalikuwa yamekolea, barabara ya dukani kwangu ni tope tupu, nilipoona mistari miwili. Nilipima mara tatu kwa vipimo vya maduka matatu ya dawa, tena ya mbali, nisije nikajulikana mtaani. Rajabu alipotoka zamu nilimpa kile kijiti. Alikiangalia, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akasema "Alhamdulillah" kwa sauti ya chini, asije akasikiwa na jirani.

Nilimpigia mama yangu Kerenge. Kabla hata hajafurahi aliniuliza, "Umemwambia nani?"

"Rajabu tu."

"Basi iishie hapo. Hata ukweni usiseme. Mimba changa haitajwi, Salma. Mpaka ijionyeshe yenyewe."

Kwetu ndivyo ilivyo, na kwa Wazigua ni hivyo hivyo. Unavaa dera pana, unafunga kanga juu yake, na ukiulizwa unakataa. Anayekuuliza naye anajua kwamba unakataa kwa adabu, na hakuna anayekasirika siku tumbo likitokeza. Miezi ile ya mwanzo mwanamke ana ruhusa ya kusema uongo. Nimekulia humo, sikuona tatizo lolote.

Haikupita wiki nikaanza kuona matone. Hayakuwa mengi, yalikuwa ya rangi ya kahawa, nikifuta naona, nikifuta tena sioni. Upande wa kulia chini kulikuwa na maumivu yanayokuja na kuondoka. Siku ya Jumanne nilifunga duka, nikaenda hospitali.

Pale mapokezi ya ultrasaundi wanakuambia unywe maji mpaka kibofu kijae, na usiende haja ndogo hadi uitwe. Nilikunywa chupa nzima, nikakaa. Benchi lote lilikuwa la wanawake wenye matumbo yaliyokwisha kujionyesha, wameweka mikono juu yake, wanapiga soga. Mimi nilibana miguu na kuhesabu vigae. Nilipofika mwisho wa ukuta nikaanza upya. Saa nzima ikapita hivyo, na kila mlango ukifunguliwa nainuka nusu, kumbe si mimi.

Ndipo akaingia jirani yangu, Mama Tatu, ambaye ukimwambia jambo asubuhi, adhuhuri limeshavuka mto.

"Salma! Na wewe umo?" Macho yake yalikwenda moja kwa moja tumboni kwangu.

"Nimekuja kupima tu," nikasema. "Nina vidonda vya tumbo."

"Masikini! Vimekuanza lini?"

"Zamani. Nilikuwa nanyamaza tu."

Nilishangaa jinsi uongo ule ulivyotoka bila kukwama. Nilijipongeza, kusema kweli. Niliona nimeilinda mimba yangu kama nilivyofundwa.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi, mwenye hijabu ya kijivu na sauti ya taratibu. Alinipaka ile dawa ya baridi, akapitisha kifaa chake, akakibonyeza hapa, akakilaza pale. Mtu ukilala pale unaanza kusoma uso wa daktari, na uso wake haukuwa na kitu cha kusoma.

"Hedhi ya mwisho ilikuwa lini?"

Nikamtajia.

"Una uhakika?"

"Dada, mimi nimehesabu hedhi miaka sita. Nina uhakika."

Alikigeuza kifaa tena. "Kizazi kiko vizuri. Ila ndani sijaona kitu. Na nje ya kizazi pia sijaona kitu."

"Kwa hiyo sina mimba."

"Unayo. Mkojo unasema unayo. Leo siioni ilipo."

Kuna wateja wanaokuja dukani kwangu wakiapa kwamba barua yao waliihifadhi kwenye kompyuta, wanakumbuka waliiandika, ila haionekani. Huwa nawacheka kidogo, halafu natafuta mpaka naipata. Nilitamani kumwambia yule binti asogee, nitafute mwenyewe.

Aliniketisha akanieleza. Huenda ni mapema mno, baada ya siku kadhaa itaonekana. Huenda imeshaanza kuharibika. Au huenda imetunga nje ya kizazi, kwenye mrija, na hiyo ikiachwa hupasuka na mama akapoteza damu yote ndani bila kuonekana tone nje. "Leo sijui ni ipi kati ya hizo," akasema, "na sitaki kukudanganya." Nilimchukia kwa hilo. Nilitaka anidanganye.

Angenitoa damu siku ile, kisha tena baada ya siku mbili, na tena baada ya siku mbili nyingine, aone kipimo cha mimba kinapandaje. Na akanipa masharti. Maumivu yakizidi, nije. Nikisikia kizunguzungu, nije. Hata bega likiniuma, nije. Nilitaka kucheka, mimba na bega wapi na wapi.

"Usisafiri mbali," akasema. "Na watu unaokaa nao waambie una mimba ambayo haijaonekana ilipo. Wewe ukizimia, waseme wao."

Niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa tayari nimeshaamua kutomwambia mtu.

Siku zile mbili za kusubiri sijui niziitaje. Matiti yalikuwa yamejaa na yanauma, harufu ya wino wa printa ilinifanya nikimbilie nyuma ya duka kutapika, mwili mzima unaniambia una mtoto. Kisha naenda msalani naona matone. Nilikuwa naingia msalani kila baada ya dakika chache kuangalia, halafu naogopa kuangalia, halafu naangalia. Niliomba kwenye kila sala. Mwanzo nilikuwa naomba mtoto. Kufikia Alhamisi nilikuwa naomba tu ionekane, popote pale, mradi nijue.

Jumatano simu ililia, nikaona ni mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia una vidonda vya tumbo na hutuambii."

Nilikaa chini. Mama Tatu alikuwa ameshafika Handeni bila kutoka Manundu.

"Ni kidogo tu, mama."

"Vidonda si kidogo. Nakusagia unga wa ndizi mbichi, nitaupakia kwenye gari ukufikie. Kunywa asubuhi kabla hujala kitu."

Ijumaa unga ulifika, umefungwa kwenye mfuko wa rambo na kanga kuukuu. Niliukoroga nikaunywa kwa heshima yake, mchungu, unanata kooni. Niliona aibu. Huyu mama alikuwa amezalisha wanawake wengi kijijini kwao zamani, kabla wakunga wa nyumbani hawajaambiwa waache, na katika watu wote ninaowafahamu yeye peke yake ndiye angejua la kufanya. Rajabu alisema hivyo hivyo.

"Mwambie mama," alinisihi. "Yule si mtu baki."

"Nimwambie nini? Kwamba ipo ila haipo? Amesubiri mjukuu miaka sita, nimpe hii?"

"Basi nitamwambia mimi."

"Ukimwambia, sitakusamehe."

Nilimaanisha. Naye aliona. Alichukua zamu mbili mfululizo akabaki Hale, na tukawa tunaandikiana ujumbe mfupi kama watu wa ofisi moja: umekula, ndiyo, damu vipi, ile ile. Nilijua naye anaogopa. Ila nilikuwa na hasira na kila mtu, na yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Kipimo cha Alhamisi kilikuwa kimepanda, lakini kidogo. "Si kama tunavyopenda," alisema daktari. Cha Jumamosi kikapanda kidogo tena. Alinipiga ultrasaundi nyingine siku hiyo, akatulia sana upande wa kulia, akasema kuna kitu hapo lakini hawezi kuapa.

"Ningependa ulale hapa mpaka Jumatatu," akasema. "Tupime tena, tuamue."

"Nyumbani ni hapo Manundu," nikamwambia. "Nikisikia vibaya nafika kwa miguu."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu hakuna mila iliyonitaka nimfiche yule binti. Mkoba wangu wa safari ulikuwa chini ya kiti. Jumapili ilikuwa arobaini ya mjomba wake Rajabu kijijini, upande wa Handeni, na hitma ile ilikuwa imepangwa muda mrefu. Rajabu alikuwa zamu, kwa hiyo mimi ndiye wa kumwakilisha. Mke wa Rajabu asipoonekana jikoni kwenye hitma ya mjomba, kila mwanamke pale angeuliza sababu, na kwa mke wa miaka sita asiye na mtoto jibu la kwanza kichwani kwao lingekuwa moja tu. Nikisema nimelazwa, wangekodi gari waje wote. Kutokwenda kungekuwa kutangaza. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na wakati ule niliona nimefikiri vizuri.

Nilipotoka pale nikapanda gari la Handeni.

Jumapili asubuhi mvua ilikatika, kukawa na jua kali na ukungu unaotoka ardhini. Wanaume walikaa chini ya turubai wakisoma, sisi wanawake tuko nyuma ya nyumba. Mama mkwe aliniweka kwenye mkeka nichambue mchele, nisisimame sana kwa ajili ya vidonda vyangu. Yapata saa nne nilisikia kitu kinaachia ndani, upande ule wa kulia. Hayakuwa maumivu ya siku zote. Kilikatika, halafu joto likasambaa tumboni. Niliendelea kuchambua. Punje tatu, nne. Halafu bega la kulia likaanza kuuma.

Nilikumbuka vizuri sana aliyoyasema daktari. Sitaki mtu adhani nilisahau. Nilikumbuka, na nikajiambia ni kwa sababu ya kuinama.

Nilipojaribu kuinuka ungo ukamwagika, nikaanguka juu ya mchele. Nilipozinduka nilikuwa kivulini, wanawake wamenizunguka, baba mkwe na shemeji yangu Athumani wamesimama nyuma yao. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti, ananifunua jicho kwa kidole gumba.

"Salma," akasema mbele ya watu wote wale. "Una mimba?"

Baba mkwe alikuwa ananitazama. Nilisikia uso unawaka pamoja na baridi yote ile niliyokuwa nayo.

"Hapana mama. Ni vile vidonda."

Athumani alinipakia kwenye gari yake, mama mkwe akakaa nami nyuma, tukaenda zahanati. Mganga wa pale alikuwa mpole na mwenye haraka ya kusaidia. Aliuliza anaumwa nini, na kabla sijafungua mdomo mama mkwe akajibu, kwa moyo safi kabisa, "Ana vidonda vya tumbo, vya siku nyingi. Juzi alikwenda kupima Korogwe." Mganga akanigeukia, akaniuliza hedhi yangu ya mwisho ilikuwa lini. Athumani alikuwa amesimama mlangoni ameshika funguo.

"Iko sawa," nikasema.

Wakanitundikia dripu. Wakanipa dawa ya vidonda vya tumbo. Mganga alifanya yote anayopaswa kufanyiwa mtu mwenye ugonjwa niliomtajia. Mimi nililala pale nikiangalia matone yanavyoshuka, tumbo linazidi kujaa na kukaza, masikio yanavuma, na nikaanza kuelewa kwamba nitakufa kwa adabu. Niliogopa sana. Na bado sikusema. Mdomo ulikuwa mzito, lakini nisisingizie mdomo, maana ulikuwa na nguvu ya kusema iko sawa.

Aliyeniokoa ni mama mkwe. Aliushika mkono wangu akaugeuza, akakitazama kiganja kilivyopauka, akakilinganisha na cha kwake. Kisha akainuka akamwambia Athumani atoke. Akamwomba na mganga atoke kidogo. Akafunga mlango, akaja akainama mpaka nikasikia pumzi yake.

"Wametoka," akasema. "Tumebaki wanawake. Sasa niambie."

"Ina wiki saba," nikasema. "Haijulikani ilipo."

Sijawahi kusikia mtu mzima akipiga ukelele namna ile. Alifungua mlango kwa teke. "Ana mimba!" aliwaambia wote waliokuwa pale nje, Athumani, mganga, akina mama waliokuja na watoto wagonjwa. "Ana mimba, imepasuka ndani! Leteni gari!" Hivyo ndivyo mimba yangu ilivyotangazwa. Niliisubiri kwa miaka sita, na watu walipoisikia kwa mara ya kwanza ilikuwa imeshakwisha.

Mganga hakupoteza dakika. Alipiga simu hospitali ya Handeni mjini, akaniwekea dripu mkono wa pili, akapanda gari nasi akiwa ameishika chupa juu. Njia nzima mama mkwe alikuwa akinipiga makofi madogo shavuni na kuniita jina. Nakumbuka taa za chumba cha upasuaji, na mtu akiniambia nihesabu. Sikumbuki nilifika ngapi.

Nilizinduka jioni. Tumbo lilikuwa limefungwa bandeji na kuna damu ya mtu inaingia mkononi. Baadaye niliambiwa ni ya Athumani, yule yule niliyeona aibu asinisikie. Rajabu alikuwa ameketi kando ya kitanda na ovaroli lake la kazini. Alikuwa ametoka Hale bila kubadilisha.

"Wameipata?" nikamuuliza.

"Wameipata. Ilikuwa kwenye mrija wa kulia."

"Wameuondoa?"

"Wameuondoa."

Alilia yeye. Alilaza kichwa pale kwenye godoro karibu na mkono wangu akalia mpaka nesi akaja kumwambia awafikirie wagonjwa wengine. Mimi sikulia. Nilikuwa nawaza jambo la kipuuzi, kwamba sasa angalau inajulikana ilipokuwa. Niliuliza kama waliiona kwa macho. Rajabu alisema daktari hakumwambia, na yeye hakuuliza.

Mimba ya umri ule haina jina, haisaliwi, haina kaburi wala matanga. Watu walikuwa wamekula pilau ya mjomba siku ile ile, wakamsomea, wakamwombea. Kwa hii yangu hapakuwa na la kufanya. Waliokuja wodini walisema "pole kwa kuugua", wakazungumza habari za mvua. Mama yangu alikuja kutoka Kerenge na chupa ya chai, akakaa ananiangalia mikono. Hakuniambia kwamba yeye ndiye aliyesema nisiseme, nami sikumwambia. Alinisuka nywele. Nilikuwa na hasira naye, na nilitaka asiondoke.

Siku ya tano niliruhusiwa. Nilipita hospitali ya Korogwe kumwona yule daktari binti, nikamwomba radhi kwa kumdanganya. Alisoma karatasi zangu zote, akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Alisema mrija wa kushoto uko salama, naweza kupata mimba tena, na siku nitakayochelewa hedhi nije pale pale, nisingoje wiki. Nilisema nimeelewa. Ni mwezi wa nane sasa tangu siku ile. Machungwa yameiva, yameuzwa, yamekwisha, vuli imenyesha. Sijachelewa hata mara moja. Kila mwezi naogopa kwamba nitachelewa, na naogopa kwamba sitachelewa, na sijui kama nitaacha kuogopa.

Kwako uliyetoka kupimwa leo, sina maneno ya kukufariji kuhusu mtoto. Huenda wako amejificha tu, ataonekana wiki ijayo. Wapo wengi waliokuwa hivyo, nimekutana nao kwenye benchi lile lile. Kitu ninachokuomba ni kimoja. Mila yetu ya kunyamaza imetengenezwa kwa ajili ya mimba inayojulikana ilipo. Hii yako mtajie mama mkwe, mtajie shemeji, mtajie jirani mwenye domo. Ukiona haya kuisema, iandike kwenye karatasi umpe mtu. Nimechapa karatasi za namna hiyo dukani, mistari miwili tu, na anayeitaka nampa bila kumuuliza kitu.

Mama mkwe hakurudi kijijini nilipotoka hospitali. Alikuja na mimi Manundu na begi lake, akasema atakaa. Asubuhi ya kwanza nilisikia harufu ya pilipili manga kutoka uani, nikatoka taratibu nimeshika tumbo. Alikuwa amebandika sufuria mbili, moja ya uji mweusi kwa pilipili manga na nyingine ya maji ya moto. Kando kulikuwa na kigoda, na vitambaa vya kukandia amevikunja vizuri. Ni vitu anavyoandaliwa mwanamke aliyejifungua.

"Mama, mimi sikuzaa," nikamwambia.

"Kaa hapo."

"Mama..."

"Umebeba. Umetoka damu. Umepasuliwa. Nimewakanda wangapi mimi, leo nikuache wewe? Kaa, Salma. Kidonda sitakigusa."

Nilikaa. Alichovya kitambaa, akakikamua, akaanza na miguu, akapanda kiunoni, akanikanda mgongo kwa mikono yake migumu. Maji yalikuwa ya moto hadi nikang'ata kanga. Matiti yangu yalikuwa bado yanauma, hayajapata habari. Aliyafunika kwa kitambaa cha uvuguvugu, akayashikilia.

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Mama wa Kimaasai anayepitisha maziwa mtaani, ambaye hata jina langu halijui, alisimama kizingitini na galoni lake.

"Hodi hapa. Nasikia harufu ya uji wa mzazi. Nani amezaa?"

"Mkwe wangu," mama mkwe akajibu.

"Hongera! Mtoto yuko wapi?"

Niliinamisha kichwa nikingoja aseme kama wanavyosema wote, kwamba hapana, huyu ni mgonjwa tu. Mikono yake haikusimama.

"Mtoto hakukaa," akasema mama mkwe, kwa sauti ya kawaida ya kusikika mpaka kwa jirani. "Mama yake huyu hapa, namkanda."

Yule mama aliliweka galoni chini. "Pole sana, mama," akaniambia mimi.

Nilimjibu kwamba nimeshapoa, kama inavyojibiwa, na hapo ndipo nilipolia.